Somo la 14: Nani Alilipia Chanjo ya Mtoto Wako?

Ndugu mwanakisomo, kwa somo hili njoo na kadi ya kliniki ya mtoto wako. Kama huna mtoto mdogo, azima ya jirani. Wewe sasa unajua kusoma, kwa hiyo kadi hiyo si karatasi ya mwuguzi peke yake. Ni yako pia.

Tafuta sehemu iliyoandikwa CHANJO. Mstari wa kwanza ni BCG. Hiyo ni chanjo ya kukinga kifua kikuu, na mtoto huipata anapozaliwa. Karibu yake kuna matone ya polio, ule ugonjwa unaopoozesha miguu. Kisha utaona Penta, PCV na Rota, ambazo huanza mtoto akitimiza wiki 6. Penta maana yake ni tano. Sindano hiyo moja hukinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na vijidudu vinavyoitwa Hib ambavyo huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. PCV nayo hukinga nimonia ya aina nyingine. Rota hukinga kuhara kukali. Mwishoni ipo chanjo ya surua na rubella. Mtoto huipata akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Umesoma vizuri. Sasa tafuta bei.

Hakuna bei. Hukulipa kitu, wala mwuguzi hakukudai. Watu husema chanjo ni bure. Lakini wewe ni mkulima. Unajua hakuna debe la mahindi linalojaa bila mtu kulima. Mtu alilima, mtu alipalilia, mtu alibeba. Vivyo hivyo, chanjo aliyochomwa mwanao iliuzwa na kiwanda na ililipiwa. Nani alilipa? Na ilifikaje hapa kijijini ikiwa bado nzima? Hayo ndiyo tutakayoyasoma.

HESABU HUANZIA KIJIJINI

Mzee mmoja wa darasa langu alisema kwamba zamani mtu hakuhesabu watoto wake mpaka surua ipite. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Darasa zima lilinyamaza.

Siku hizi mambo yamegeuka. Ili surua isije, lazima watoto wahesabiwe kwanza.

Chukua mfano wa kijiji ambacho huzaliwa watoto 80 kwa mwaka. Kila mtoto anahitaji dozi 3 za Penta. Basi kijiji kinahitaji dozi 240. Zahanati hupeleka hesabu yake wilayani. Wilaya hujumlisha hesabu za zahanati zote na kuzipeleka mbele. Hesabu za wilaya na mikoa yote hukutana wizarani. Huko wataalamu huzilinganisha na hesabu ya sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kutokana na idadi hiyo, hukadiriwa watoto wangapi watazaliwa mwaka unaokuja. Halafu huongezwa dozi za akiba, na dozi zitakazomwagwa kwa sababu tutakazoziona baadaye.

Hapa kuna jambo linalonisumbua sana. Mtoto akizaliwa nyumbani na asipelekwe zahanati, hayumo katika daftari la zahanati. Wizara inaweza kukisia kwamba yupo. Lakini haijui kama yupo kijiji hiki au kile. Basi chanjo yake inaweza kwenda kijiji kingine na kukaa bila mtoto, na hapa wakaja watoto wengi kuliko vichupa. Watu hulaumu zahanati kwamba haina chanjo. Mara nyingine zahanati ililetewa kiasi kile kile ambacho daftari lilisema.

SOKO LA DUNIA

Hesabu ikiwa tayari, nchi hufanyaje? Nchi nyingi hazina kiwanda cha chanjo hizi. Tanzania haina, Kenya haina, Uganda haina. Lazima zinunue nje. Nchi moja moja ikienda kiwandani peke yake, itauziwa kwa bei ya mnunuzi mdogo. Wewe mwenyewe unajua tofauti ya kununua sukari kwa kijiko na kununua gunia zima.

Kwa hiyo nchi nyingi huagiza kwa pamoja. Mnunuzi wao ni UNICEF, yaani Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto. Ofisi yake ya manunuzi iko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, huko Ulaya ya kaskazini. Ofisi hiyo hununua chanjo kwa ajili ya nchi zipatazo 100. Kwa mwaka hununua dozi zaidi ya bilioni 2. Bilioni moja ni milioni 1,000. Karibu nusu ya watoto wa dunia walio chini ya miaka mitano huchanjwa kwa chanjo zilizopita mikononi mwa mnunuzi huyo mmoja. Nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zina mfuko wao wa kununua kwa pamoja, ulioanzishwa mwaka 1977.

UNICEF hutangaza zabuni. Zabuni ni mwito kwa wauzaji wote: tunahitaji dozi kiasi hiki, mtauza kwa bei gani, mtaleta lini? Viwanda hujibu kwa maandishi. Kiwanda kinachouza dozi nyingi kuliko vyote duniani kiko Pune, nchini India. Kinaitwa Serum Institute of India, na kilianzishwa mwaka 1966. Vipo vingine Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Indonesia, Korea ya Kusini na kwingineko.

Si kila kiwanda kinaruhusiwa kuuza. Kwanza Shirika la Afya Duniani hukagua kiwanda na kupima chanjo yake. Ikifaulu huandikwa katika orodha ya chanjo zilizokubaliwa. Utaratibu huo ulianza mwaka 1987. Nao si wa kupamba ukuta tu. Mwaka 2010 chanjo ya Penta ya kiwanda kimoja cha India iliondolewa katika orodha, kwa sababu mashapo yalionekana ndani ya vichupa. Kiwanda kilirekebisha kazi yake, na baada ya miaka kadhaa kikarudishwa.

Sasa tazama jinsi bei inavyoshuka. Mwaka 2001 kiwanda kimoja tu ndicho kilichoweza kuiuzia UNICEF Penta, na dozi moja iligharimu zaidi ya dola 3 za Marekani. Viwanda vingine vikajifunza kuitengeneza. Mwaka 2016 UNICEF ilitangaza kuwa kwa miaka ya 2017 hadi 2019 imepata bei ya wastani ya senti 84 za dola kwa dozi. Tukisema dola moja ni shilingi 2,500, basi dozi ilishuka kutoka shilingi zaidi ya 7,500 hadi shilingi 2,100.

PCV ina habari yake. Huko Marekani dozi moja imeuzwa kwa zaidi ya dola 100. Hakuna nchi maskini ingeweza kulipa hivyo kwa watoto wake wote. Mwaka 2009 Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norwei na Mfuko wa Bill na Melinda Gates waliahidi dola bilioni 1.5. Waliviambia viwanda: tengenezeni kwa wingi, soko lipo, fedha ziko tayari, lakini nchi maskini mtaziuzia kwa bei ya chini kwa miaka mingi. Bei ya nchi hizo iliwekwa isizidi dola 3.50. Mwaka 2020 kiwanda cha Pune kiliingia sokoni na dozi ya dola 2.

Je, si vizuri bei ishuke mpaka senti moja? Hapana. Kiwanda kisichopata faida huacha kutengeneza chanjo na kutengeneza kitu kingine. Viwanda vikibaki viwili tu, na kimoja kikaharibikiwa, dunia nzima hukosa. Jambo hilo limetokea. Mwaka 2016 nchi zote zilibadilisha matone ya polio, na zilitakiwa kuongeza sindano ya polio. Viwanda viwili vilivyokuwa vikiuza sindano hiyo vilishindwa kutoa kiasi vilichoahidi. Nchi kadhaa zilisubiri, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Sindano hiyo ilianza kutolewa hapa mwaka 2018. Ndiyo sababu mnunuzi mwerevu hagawi kazi yote kwa kiwanda kimoja, hata kama ndicho chenye bei ndogo. Hugawa kwa viwanda viwili, vitatu au zaidi.

Tena chanjo haitengenezwi kwa siku moja kama maandazi. Kundi moja la vichupa huchukua miezi mingi, na chanjo nyingine huchukua zaidi ya mwaka. Sehemu kubwa ya muda huo ni kupima na kupima tena. Ukichelewa kuagiza leo, huwezi kuharakisha kesho hata ukiwa na fedha mkononi.

NANI HUTOA FEDHA?

UNICEF hununua, lakini mfuko si wake peke yake. Mwaka 2000 ulianzishwa ubia unaoitwa Gavi. Makao yake ni Geneva, Uswisi. Serikali tajiri na wahisani huweka fedha Gavi, na Gavi hulipia chanjo za nchi zenye pato dogo. Hata hivyo nchi haikai ikinyoosha mkono tu. Tangu mwaka 2008 kila nchi inatakiwa ichangie. Kwa miaka mingi nchi maskini kabisa zimelipa senti 20 za dola kwa kila dozi. Pato la nchi likikua, sehemu yake hupanda kila mwaka, mpaka siku nchi inapolipa yote.

Chanjo za zamani kama BCG na matone ya polio haziko katika mpango huo. Katika nchi nyingi serikali hulipa zote yenyewe.

Na serikali hupata wapi? Kwako. Ukinunua sabuni, kiberiti au muda wa maongezi wa simu, ndani ya bei mna kodi. Hukujua kwamba ulichangia chanjo ya mtoto wa jirani, lakini ulichangia. Kwa hiyo mtu akikuambia zahanatini kwamba chanjo ni sadaka na usiulize maswali, mjibu kwa heshima kwamba wewe nawe ni mnunuzi.

FEDHA IKICHELEWA

Kwa kawaida UNICEF haiuzi kwa mkopo. Nchi hutuma fedha kwanza, ndipo agizo huwekwa. Sasa kodi haikusanywi yote mwezi wa kwanza wa mwaka, na bajeti inaweza kutoka kwa vipande. Kwa sababu hiyo mwaka 1991 UNICEF ilianzisha mfuko wa kuzisaidia nchi kutangulizwa. Mfuko hulipia, chanjo hufika, nchi hurudisha baadaye. Ni kama chama cha kukopeshana cha kina mama, ila wanachama ni serikali. Nchi isiporudisha, nyingine haiwezi kukopa.

Mfuko huo husaidia, lakini haufuti tatizo. Mwaka 2025 zahanati nyingi za Kenya ziliishiwa chanjo ya BCG na matone ya polio. Tazama tena kadi yako. Ni zile zile mbili za mwanzo, ambazo mtoto anapaswa kuzipata anapozaliwa. Sababu iliyojadiliwa hadharani ni fedha za kununulia zilizochelewa. Mama amejifungua, amebeba mtoto, ameambiwa rudi wiki ijayo. Wiki ijayo akaambiwa hivyo hivyo. Mwanamke wa namna hiyo akikata tamaa, mimi siwezi kumlaumu.

Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, wachangiaji wa Gavi walikutana Brussels, nchini Ubelgiji. Gavi iliomba dola bilioni 11.9 kwa kazi ya miaka mitano, 2026 hadi 2030. Ahadi zilizotolewa zilizidi kidogo dola bilioni 9. Serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa, ilitangaza kwamba haitaendelea kuchangia. Fanya kutoa: 11.9 kutoa 9. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu, au kazi ipunguzwe. Wakati huo huo sehemu ya serikali ambazo pato la nchi zao linakua inapanda. Jambo hili linatuhusu sisi, kwa sababu bajeti ya chanjo hupitishwa na wabunge, na wabunge huja kutuomba kura.

SAFARI YA BARIDI

Tuseme fedha zimelipwa na chanjo iko tayari. Husafiri kwa ndege. Ndani ya masanduku mna vyombo vidogo vinavyoandika joto la safari nzima. Ndege ikitua Dar es Salaam, watu wa bohari husoma vyombo hivyo na kujaza fomu ya mapokezi. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Joto huziua. Wengi hatujui kwamba hata kuganda huziua baadhi yake. Penta ikiganda mara moja imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Kutoka bohari ya taifa huenda mkoani, kisha wilayani, kisha zahanati. Gari lenye baridi hufika mahali likakomea. Kutoka hapo ni pikipiki, mtumbwi au miguu, na kisanduku cha baridi begani chenye vipande vya barafu. Zahanati isiyo na umeme huwa na friji ya gesi au ya nguvu ya jua. Ukiona mwuguzi anakataza watu wasiweke soda zao katika friji ya chanjo, usimwone mchoyo. Kila mlango ukifunguliwa, baridi hutoka.

Kuna alama moja ambayo ningependa kila mzazi aijue. Juu ya kichupa cha chanjo kuna duara, na ndani ya duara kuna mraba mdogo. Chanjo ikiwa nzuri, mraba ni mweupe kuliko duara. Joto likiipata, mraba huwa mweusi kidogo kidogo, wala haurudi kuwa mweupe. Mraba ukifanana na duara kwa rangi, au ukizidi weusi, kichupa hicho hakitumiki tena. Alama hii ilianza kuwekwa kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Huhitaji cheti kuisoma. Mwombe mwuguzi akuonyeshe. Mwuguzi mzuri atafurahi. Lakini kumbuka, alama hiyo husema habari za joto tu. Haisemi kama chanjo iliganda.

KICHUPA CHA DOZI 10

Sasa tumefika mahali penye ubishi.

Mama mmoja anatoka kitongoji cha mbali. Ametembea saa mbili, mtoto mgongoni, miezi 9. Anafika zahanati siku ambayo wamekuja watoto wawili tu wa surua. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Karibu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimemleta kwa sindano ya surua."

"Mama, leo mko wawili tu. Nikifungua kichupa nitamwaga dozi nane. Njoo Alhamisi, watoto watakuwa wengi."

Nani ana haki? Kwanza tumwelewe mwuguzi. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu. Huchanganywa na maji yake maalumu yanayotoka kiwandani. Kichupa kilichozoeleka kina dozi 10. Kikishachanganywa hakikai. Kinatakiwa kitupwe baada ya saa 6, au kliniki inapofungwa kama itafungwa mapema zaidi. Ndani yake hamna dawa ya kuzuia vijidudu, kwa hiyo vijidudu vikiingia huzaliana.

Sharti hilo liliandikwa kwa sababu kubwa. Mwaka 2017, eneo la Kapoeta nchini Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulieleza kuwa bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa siku 4 badala ya kutupwa baada ya kutumika mara moja, na vichupa vilikaa siku hizo zote bila baridi. Chanjo yenyewe haikuwa na ubaya ilipotoka kiwandani.

Basi mwuguzi anajua dozi nane zitamwagwa, na anajua zimenunuliwa. Anaogopa kuulizwa na wilaya kwa nini vichupa vimekwisha kabla ya mwezi kwisha. Hofu yake si ya kijinga.

Lakini mashauri ya Shirika la Afya Duniani ni haya: kichupa kifunguliwe hata kama amekuja mtoto mmoja tu. Kwa maoni yangu hilo ndilo sawa. Mama aliyetembea saa mbili huenda asirudi Alhamisi. Kuna palizi, kuna msiba, kuna mvua na mto umejaa. Mtoto huyo akibaki bila chanjo, akaugua surua, ataambukiza wengine, kwani surua huenea upesi kuliko magonjwa mengi. Dozi zitakazomwagwa zilikwisha hesabiwa tangu wizarani. Ndizo zile nilizozitaja mwanzoni. Fedha zilitoka kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya kujaza friji.

Siku hizi vipo pia vichupa vya surua na rubella vyenye dozi 5. Kwa dozi moja moja bei yake iko juu, lakini kinachomwagwa ni kidogo, na mwuguzi hafungui kwa wasiwasi. Nchi inapochagua kichupa kikubwa au kidogo, hufanya hesabu ile ile anayoifanya mama wa gengeni anapoamua afungue mtungi mkubwa wa maziwa au mdogo.

Si kila chanjo iko hivyo. Kichupa cha Penta, au cha matone ya polio, kikifunguliwa leo kinaweza kutumika mpaka siku 28, ikiwa kimetunzwa safi kwenye baridi na alama yake bado ni nzuri. Kwa hiyo ukiambiwa Penta haifunguliwi kwa sababu watoto ni wachache, uliza kwa upole. Hapo sababu hiyo haipo.

Vijiji vingine vimeamua jambo dogo lenye faida. Wenyeviti wa vitongoji huandika watoto wanaofikisha miezi 9 mwezi huo, na hukubaliana na mwuguzi siku moja. Watoto hufika wengi kwa pamoja, kichupa hutumika karibu chote, na mwanamke wa mbali hatembei bure. Kazi ya kuandika orodha hiyo mwanakisomo yeyote anaiweza. Andika jina la mtoto, siku aliyozaliwa, kitongoji chake na chanjo inayofuata. Anza na wale waliozaliwa nyumbani.

HESABU

1. Kijiji kina watoto 80 waliozaliwa mwaka huu. Kila mmoja anahitaji dozi 2 za surua na rubella. Jumla ni dozi ngapi? Kama hakuna dozi itakayomwagwa, ni vichupa vingapi vya dozi 10?

2. Watoto 60 tu ndio walioandikwa katika daftari. Zahanati itaomba dozi ngapi? Zitapungua ngapi?

3. Siku moja walikuja watoto 3 wa surua. Mwuguzi alifungua kichupa cha dozi 10. Dozi ngapi zilimwagwa? Kama angekuwa na kichupa cha dozi 5, zingemwagwa ngapi?

4. Dozi ya Penta ni senti 84 za dola. Kwa dola moja ya shilingi 2,500, dozi 3 za mtoto mmoja ni shilingi ngapi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani wasioandikwa katika daftari la zahanati? Kwa nini?

2. Je, mama amewahi kurudishwa hapa kwetu kwa sababu watoto walikuwa wachache? Ilikuwa chanjo gani? Alirudi?

3. Mwuguzi wetu akifungua kichupa kwa mtoto mmoja na chanjo ikaisha mapema, nani atamtetea wilayani?

4. Mwenyekiti aombwe aulize halmashauri: fedha za kusafirisha chanjo kutoka wilayani kuja hapa zimetengwa kiasi gani mwaka huu? Chagueni watu wawili wa kufuata jibu na kulisoma mbele ya darasa.